Kigari Kinachovutwa kwa Kamba

Maneno haya niliyasema ukumbini Tanga, baada ya watu kuangalia Marwencol, filamu ya maisha ya kweli ya Mmarekani mmoja, Mark Hogancamp, aliyepigwa nusura afe, kisha akajijengea mji wa wanasesere. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana mliokaa chini pale mbele kwa sababu viti vimekwisha: Asalaam aleykum. Na wenzetu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kunikaribisha, na ahsanteni zaidi kwamba taa zimewashwa na hakuna aliyeondoka.

Nianze na kicheko. Kuna mahali katika filamu mlicheka ukumbi mzima. Ni pale yule bwana, mtu mzima, anapotembea kando ya barabara inayopita magari ya kweli, huku anavuta kigari cha jeshi cha kuchezea, na ndani ya kigari wamekaa wanasesere. Mtafsiri wetu, Mungu ampe afya, akaongeza na lake kwenye kipaza sauti kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video, na kicheko kikapanda mpaka nikadhani bati litang'oka. Siwalaumu. Kwetu anayevuta gari kwa kamba ni mtoto wa miaka 7, na gari lenyewe ni kopo la mafuta ya kula lenye magurudumu ya ndala. Lakini mie nilikuwa nimekaa safu ya tatu, na kicheko kile kilinishika hapa shingoni, kwa sababu nami nimewahi kuchekwa hivyohivyo, Ngamiani hapahapa. Nitafika huko.

Kwanza kigari. Kwa nini alikivuta? Matairi ya kigari cha dukani huja mapya, meusi, yanang'aa. Yeye alitaka jeep iliyotoka vitani. Mtu mwingine angechukua kipande cha msasa akasugua dakika tano, akaridhika. Yeye alikiburuza barabarani, safari baada ya safari, mpaka lami yenyewe ikala tairi. Waliopo humu wenye kazi za mikono wameshanielewa. Msasa unakula sawasawa pande zote. Barabara inakula pale palipolemewa. Mtu anayejali tofauti hiyo hachezi. Huyo ni fundi yuko kazini, na anapotembea vile kando ya magari ndio karakana yake ilipo.

Anaitwa Mark Hogancamp, mtu wa Kingston, jimbo la New York, Marekani. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000 alikuwa baa, amelewa. Nje ya baa wanaume watano wakamshukia, wakampiga, wakampiga mateke ya kichwa, wakamwacha pale chini. Alilala siku 9 hana fahamu, akakaa hospitalini siku 40. Alipoamka, maisha yake ya nyuma yalikuwa yamefutika karibu yote. Alikuwa mchoraji, na michoro yake ya zamani ipo, mmeiona, mistari imetulia kabisa. Baada ya kipigo mkono ukawa unatetemeka, hauwezi tena kushika mstari. Akajifunza upya kutembea, kula, kuandika. Pombe aliyokuwa ameizoea, hamu yake iliondoka pamoja na kumbukumbu. Kisha malipo ya matibabu aliyokuwa anasaidiwa yakakatika, naye hana hela ya kujilipia, na kazi ya kupona haijafika hata nusu.

Sasa lile lililowanyamazisha. Kwa nini walimpiga? Kwa sababu, pombe ikiwa kichwani, aliwaambia kwamba hupenda kuvaa nguo za kike. Nilisikia ukumbi ulivyotulia mtafsiri alipofika hapo, na yeye mwenyewe sauti ikapungua. Najua tuko wapi, na najua kila mmoja ana lake moyoni kuhusu jambo hilo. Sikuja kubishana na imani ya mtu. Nasema hivi tu: watano walimwangukia mmoja, mlevi, hana kitu mkononi, wakampiga mpaka wakamtoa maisha yake kichwani. Hakuna sababu inayolihalalisha hilo. Na naomba tukitoka hapa nisimsikie mtu mlangoni akianza na “lakini naye…”. Walionipiga mimi nao walikuwa na sababu yao. Nilikuwa na simu.

Basi huyu bwana, asiye na kumbukumbu, asiye na hela, na mkono unaotetemeka, akaenda nyuma ya nyumba yake, kwenye kiwanja ambacho kwetu kingekuwa na mihogo na mpapai mmoja, akaanza kujenga mji. Akauita Marwencol, jina alilolitunga kwa kuunga kipande cha jina lake na vipande vya majina ya wanawake wawili anaowajua. Ni mji wa Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vita vilevile ambavyo Shaaban Robert wetu alivitungia utenzi, na ambavyo wazee wetu wengine walipelekwa mpaka Burma kuvipigana, wakarudi, wakafunga midomo. Kipimo cha mji ni moja ya sita. Kila futi sita za kweli ni futi moja pale uwanjani. Kwa hiyo mtu mzima wa Marwencol ana urefu wa rula ya shule. Ukifika nyumbani chukua rula ya mtoto wako, isimamishe mezani, kisha fikiria kiatu cha mtu huyo kina ukubwa gani, na kifungo cha koti lake, na bunduki yake. Vitu hivyo vilishikwa mmoja mmoja na mkono uleule uliokataa kushika mstari.

Wakazi wa mji wana sura za watu anaowajua: mama yake, marafiki, jirani. Mwenyewe yumo, kapteni, rubani wa Kimarekani ambaye ndege yake ilianguka huko. Na wale watano wamo pia. Amewavisha sare za SS, askari wa Hitler. Wanakuja, wanamkamata kapteni, wanampiga. Wanawake wa mji wanatoka na bunduki wanamwokoa. Kila tukio analipanga kwa mkono, analala kifudifudi chini, analipiga picha kwa kamera kuukuu ya filamu. Ukiziona picha zile bila kuambiwa, utaapa ni watu.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekaa karibu nami alininong'oneza, “Huyu mbona anajitonesha kidonda?”

Mzee wangu, sikukujibu pale kwa sababu ya kelele, nakujibu sasa, na swali lako ndilo nimesimama kwa ajili yake. Sisi tuna maneno ya kumwambia aliyefikwa. Mshukuru Mungu u hai. Sahau. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Maneno hayo mie nimeambiwa na kila aliyekuja kunijulia hali, na walinipenda walioyasema. Kwa mtu aliyegombana na shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, ni busara tupu. Kwa mtu mwenye kiwewe, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, kwa sababu kwake hayajapita. Yanaingia leo, saa nane za usiku, saa nne asubuhi katikati ya soko, bila kubisha hodi. Unamwambia asahau, naye si yeye anayekumbuka. Mwili ndio unaokumbuka, na mwili haukuwapo ulipokuwa unatoa nasaha.

Niwape langu, mpime.

Mie ni mwandika mabango. Wengi wenu mnanijua kwa herufi zangu kabla ya kunijua kwa sura: maduka, saluni, migahawa, mgongo wa daladala, ubavu wa mashua. Miaka 11 iliyopita nilikuwa natoka Sahare usiku, nimetoka kuandika jina la mashua. Mwenye mashua alitaka herufi nyeupe zenye kivuli chekundu, na kivuli kilikawia kukauka, ndiyo maana nikaondoka giza limeshaingia. Makopo nimeyafunga kwenye keria. Nikasikia nyuma yangu mlio mnaoujua nyote, ule wa baiskeli inapoachwa iende yenyewe bila kupigwa pedeli. Tiki-tiki-tiki-tiki. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Sikugeuka. Tanga hii nani anageuka kwa sababu ya baiskeli?

Kilichobaki kichwani kwangu ni harufu ya tapentaini imemwagika, na shavu langu kwenye mchanga.

Kichwa kiliunga. Mkono wa kulia ukabaki na mtetemeko, huu mnaouona. Lakini mkono sio ulioniondoa mjini. Ni ule mlio. Hebu fikirieni mtu anayeogopa baiskeli, na kwao ni Tanga! Nilikuwa nasimama dukani, nyuma yangu kijana anapita zake na baiskeli, tiki-tiki, chenji yote chini, mie mwenyewe nimeshaingia ndani ya kaunta ya watu. Siku moja nilimgonga mama anayekaanga vitumbua, karayi likayumba, nusura mafuta ya moto yamwagikie mtoto wake. Mama yule hakunitukana. Aliniangalia tu. Baada ya siku ile nikaacha kutoka.

Majirani wakasema ana jini. Wengine wakasema bangi. Na wapo waliosema anajidekeza, mbona anakula. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakusema. Alinipeleka hospitali, na foleni ilikuwa imefika getini, nikapata dakika chache na vidonge vya usingizi. Kisha akanipeleka kwa sheikh mmoja mtu mzima kufanyiwa kombe, zile aya za Kurani zinazoandikwa sahanini mgonjwa akanywa.

Naomba nikae hapa kidogo. Wengi mmekunywa kombe, lakini sijui wangapi mmetazama likiandikwa. Sheikh alikuwa na sahani nyeupe, zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya waridi, na kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari. Akaanza ukingoni mwa sahani, akawa anazunguka kuelekea katikati, mkono hauinuki ila kwenda kuchovya. Mstari ukishuka unanenepa, ukipanda unakonda, na pale unapokata kona zafarani inajikusanya tone dogo, inakoza. Mie mwandika herufi nikasahau kilichonileta. Nilisahau mpaka mlango uko upande gani. Halafu akamimina maji, herufi zikalegea, zikaachana na sahani, maji yakawa manjano, akanipa nikanywa. Siwezi kuwaambia kombe lilifanya nini na halikufanya nini, hilo liko kwa mwenye elimu yake. Ninalolijua ni kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nipigwe, vidole viliniwasha kutaka brashi.

Nikaichukua asubuhi. Nikajaribu S. Herufi inayomuumbua mwandika mabango ni S, kwa sababu haina mahali pa kupumzika, inapinda huku inapinda kule, na ukisita katikati kila mtu anaona. S yangu ilitoka kama mjusi aliyekanyagwa. Nikaiweka brashi ndani ya kopo la tapentaini, nikaiacha humo mpaka nywele zikanyonyoka. Hiyo ndiyo hali Mark alikuwa nayo na penseli zake, na ndiyo maana filamu ile ilipofika pale mie niliinamisha kichwa.

Aliyenitoa ni mpwa wangu. Alikuwa na gari lake la kopo, akaja uani akasema, “Mjomba, niandikie namba.” Namba ya gari, ya kweli, ianze na T kama za barabarani. Bati lenyewe halifiki kiberiti. Nikamwambia siwezi. Akasema, “Ni ndogo.” Kwa mtoto, kitu kidogo ni chepesi, basi. Nikakaa chini, kiganja nikakilaza juu ya tofali, nikachukua kijiti cha kiberiti badala ya brashi. Na kumbe kiganja kikiwa kimelazwa, mkono mzima hauna kazi, vidole vitatu tu ndivyo vinavyotembea, na mtetemeko unabaki nyuma huko kwenye kiwiko. T ikatoka. Namba ikatoka. Mpwa wangu akaenda kuwaonyesha wenzake, na kesho yake nilikuwa na magari tisa mlangoni.

Ndipo kicheko kilipokuja. Mwandika mabango kawa fundi wa magari ya makopo! Mzee mzima anashinda na watoto! Alipita mtu mmoja niliyemwandikia duka lake zima, mbele na ubavuni, akasimama akacheka mpaka akajifuta macho, akamwita na mwenzake aje aone. Nilikuwa na gari la mtoto mkononi, rangi haijakauka. Nilitamani kulitupa. Sikulitupa kwa sababu mwenye gari alikuwa amechuchumaa mbele yangu anasubiri, na yeye hakuona cha kuchekesha.

Kisha mtoto mmoja akaniletea waya wa kufungia nondo na spoku mbovu mbili tatu, anataka baiskeli ya waya. Nikazitia chini ya kitanda. Wiki nzima nalala juu yake. Baadaye nikazitoa, nikakunja gurudumu moja, la pili, usukani, tandiko. Ilipokwisha nikaona haijakamilika. Nikakata ukanda mwembamba wa chupa ya maji, nikaufunga kwenye uma wa nyuma ili ugonge spoku. Nikaisukuma.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

Jasho lilinitoka mgongo mzima. Lakini nilikuwa nimeushika mlio ule kwa vidole viwili. Nikisukuma unalia. Nikiacha unanyamaza. Nikafanya hivyo mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake nikatengeneza ya pili, na ya tatu, kwa sababu walikuwa watatu, na nikawapandisha watu wa waya juu yake, na nikawapanga barabarani, barabara ya chaki sakafuni. Siku nyingine wanafika kwangu. Siku nyingine mnyororo unawakatikia njiani. Siku nyingine anatoka mtu nyumba ya jirani na taa. Filamu ya Marwencol sikuwa nimeiona wala kuisikia. Nilikuwa uani kwetu tu na waya.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ndilo hili. Kidonda kinatoneshwa pale mlio unapokuja wenyewe, nyuma yako, hujajiandaa. Pale uani aliyekuwa anasukuma ni mie. Mark naye, wale watano wanamjia pale tu alipowaweka, wakati alioutaka yeye, na akichoka anawarudisha ndani ya nyumba pamoja na kigari. Atawapiga, watampiga, hakuna mama wa mtu anayelia. Sioni kwamba ni kisasi. Hakwenda kuwatafuta Kingston na panga. Na kama ni kisasi, basi ni kisasi cha urefu wa rula, na mie nitakibariki.

Mtu asiseme haya ni mambo ya Wamarekani wenye nafasi. Wakumbukeni babu zetu na ngoma ya beni. Vita vya 1914 vilipiganwa hapahapa Tanga, mwezi wa Novemba, na miaka iliyofuata watu wa nchi hii walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, wakafa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, wamebeba mizigo ya vita visivyo vyao. Waliorudi walifanya nini? Beni ilikuwapo pwani tangu kabla, lakini baada ya vita ilienea nchi nzima. Vyama vyake vilikuwa Marini na Arinoti, vikishindana, watu wamevaa magwanda, wanajipa vyeo, kuna kapteni, kuna jenerali, kuna gwaride, kuna bunduki za mbao, kuna tarumbeta. Mkoloni aliiangalia kwa wasiwasi, hakujua kama ni ngoma au ni jeshi. Mie si msomi wa historia, lakini ninaamini wale wazee walijua wanafanya nini. Waliichukua ile amri iliyokuwa ikiwapigia kelele, wakaipiga wenyewe kwa ngoma yao, jioni, wakiwa wamekula, wake zao wakiwaangalia. Ni ukubwa wa kipimo tu unaotofautiana na mji wa Mark.

Na kuhusu kazi za mikono kuwa sehemu ya matibabu, mkoa wetu haukuanza jana. Juu huko Usambara, Korogwe, ipo Lutindi. Wamisheni wa Kijerumani walifungua pale mwaka 1896 makao ya watoto waliotolewa utumwani, na mwaka 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Wagonjwa pale wanafanya kazi, mashamba na ufundi, na kazi hiyo inahesabiwa ndani ya matibabu. Zaidi ya miaka 100. Na sisi huku chini tunalifanyia nini jina hilo? Tunatishiana nalo. Lutindi, Mirembe, ni maneno ya kumtania mtu anayeongea peke yake. Linaniuma hilo. Mtu akisikia jina la mahali pa kutibiwa likitumika kama tusi, hatakwenda. Atajifungia chumbani kama nilivyojifungia miye, miezi 14.

Sasa nawaomba jambo, na naomba hasa nyie wenye simu nzuri. Mmeona katika filamu jinsi Mark alivyopatikana. Kigari kilekile mlichokicheka, mpiga picha mmoja anayekaa karibu naye alikiona barabarani. Naye angeweza kucheka, angeweza kupiga picha kwa mbali akaenda zake. Alisimama, akauliza. Akaonyeshwa picha, akazipeleka kwa watu wa jarida la sanaa, zikachapishwa mwaka 2005, na mwaka 2006 yakafanywa maonyesho New York. Na mmeona maonyesho yalivyomtia hofu. Mji aliujenga awe salama ndani yake, leo unatakiwa na wageni. Filamu inampa nafasi ya kusitasita, haimkimbizi, na hiyo ndiyo sababu niliichagua hii ya Jeff Malmberg ya mwaka 2010, nikaiacha ile ya kuigiza iliyotoka Hollywood mwaka 2018, ingawa ile ina waigizaji wakubwa. Humu unamwona mwenyewe akivuta sigara yake, akifikiri, na kamera inangoja.

Kwa hiyo ukimwona mtu Ngamiani, Makorora, Chumbageni, popote, anafanya kitu usichokielewa na mikono yake, anaokota vifuniko vya chupa anavipanga, anachora ukuta uleule kila siku, usimrekodi ukamrusha mtandaoni apate wacheka 1,000 anaowajua na asiowajua. Msogelee, msalimie. Muulize kama wanavyouliza watoto, hiki nini? Akikwambia niache, muache. Akikueleza, sikiliza mpaka mwisho, hata kama haina mwisho. Na kama una mbao zilizobaki, makopo, waya, rangi nusu kopo iliyoanza kuganda, usitupe. Mpelekee. Msaada wa hela tunaujua na ni mzuri, lakini mie nilipewa waya.

Wenye nyumba, wenye mahoteli, mafundi mnaochukua vijana: mtu kama huyo akija kuomba kazi, mpeni kazi ndogo, na mpeni pa kulaza kiganja. Kiti cha chini, tofali, meza ya pembeni isiyopitwa na watu nyuma yake. Jamani, hilo la nyuma msilisahau. Mie mpaka leo kwenye kazi nakaa mgongo ukiwa ukutani, na wateja wengine wanadhani nina maringo.

Sijapona kabisa, sitaki kuwadanganya, wala Mark hakuambiwa katika filamu hii kwamba amepona. Jua likianza kuzama nafunga vifaa narudi nyumbani. Baiskeli nimeanza kuzizoea mchana. Usiku bado. Mwaka huu nimerudi kwenye herufi kubwa, polepole. Bango la filamu mliloliona mlangoni mkiingia ni langu. Limenichukua siku nne, zamani ningelimaliza kabla ya adhuhuri. Ukilisogelea utaiona S, ile ya kwenye neno SANAA, tumbo lake la chini limevimba upande wa kushoto. Niliifuta kwa tapentaini mara mbili. Mara ya tatu mpwa wangu, ambaye sasa ananyoa ndevu, akaniambia, mjomba, hiyo iache, inasomeka.

Nimeiacha. Kuna wenye maswali? Anza wewe, mama, hapo kwenye nguzo.